Soka, Hisa na Jezi: Uliza Kwanza Mali ni ya Nani

MOROGORO. Asubuhi ya siku ya mechi kubwa, mwenye macho ya biashara hahitaji kusikiliza redio ili ajue timu gani inacheza. Akitembea kutoka kituo cha mabasi cha Msamvu hadi soko kuu la Kingalu atakuta jezi za kijani na njano upande mmoja wa barabara, nyekundu na nyeupe upande wa pili, na katikati yao wauza maji, wakaanga chipsi, waendesha bodaboda na vijana wenye vuvuzela. Akina mama walioteremka na mizigo ya kabichi, karoti na njegere kutoka Nyandira na Mgeta nao hunufaika, kwa kuwa siku hiyo mama lishe hununua zaidi. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, shabiki wa Dar anaweza kuja kutazama mpira na kurudi kwake siku hiyohiyo. Fedha ya mchezo ipo, na inapita mbele ya mlango wa mfanyabiashara mdogo.

Swali la ukurasa huu ni jingine. Fedha hiyo inasimama juu ya haki ya nani? Anayeuza gunia la mchele wa Kilombero anauza kitu kinachoonekana. Mnunuzi hulipima, hutia mkono, hutafuna punje mbili, kisha hulipa. Katika michezo kinachouzwa ni haki: haki ya kutumia nembo, haki ya kuonyesha mchezo, haki ya huduma ya mchezaji kwa muda fulani, haki ya kutumia uwanja, na sasa haki ya kumiliki sehemu ya klabu. Haki haipimwi kwa mizani. Hupimwa kwa karatasi, na karatasi hiyo ikiwa na dosari basi aliyenunua amenunua upepo.

Migogoro ya kisheria iliyolikumba soka la Tanzania katika miaka ya karibuni imejadiliwa sana vijiweni kama ushabiki. Mfanyabiashara wa Morogoro angefaidika zaidi kama angeisoma kama taarifa ya soko.

KLABU NI YA NANI?

Wazee wa milima ya Uluguru wana jibu la zamani kwa swali la mali. Kwa mila ya Waluguru, ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa upande wa mama. Mtu wa nje anaweza kupewa shamba alime, naye hutoa ngoto kwa wenye ardhi kama alama ya kukubali kwamba yeye ni mpangaji. Mahindi anayopanda ni yake. Mti wa kudumu ni jambo jingine. Hapandi mnazi wala mwembe bila ruhusa, kwa sababu mti unakaa miaka mingi, na kesho aliyeupanda atadai kwamba hata ardhi iliyo chini yake ni mali yake.

Ugomvi wa umiliki wa Simba na Yanga ni huohuo wa mti na ardhi. Klabu hizi mbili zilianzishwa na wanachama na kusajiliwa chini ya mfumo wa Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Sheria hiyo ilitungwa wakati michezo ilikuwa burudani na ujenzi wa taifa. Haikufikiria klabu yenye bajeti ya mabilioni, wala mtu anayekuja na fedha zake akitaka hisa.

Mwezi Desemba 2017 wanachama wa Simba waliridhia mfanyabiashara Mohammed Dewji aingie kama mwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Mazungumzo ya awali yalikuwa juu ya nusu ya klabu. Serikali ikasimama kwenye msimamo kwamba klabu ya wanachama ibaki mikononi mwa wanachama kwa asilimia 51, na mwekezaji asizidi asilimia 49. Baada ya hapo mabadiliko hayo yakapita pia mbele ya Tume ya Ushindani, na ilikuwa mwaka 2021 ndipo mwekezaji alipotangaza kuziweka bilioni 20 hizo. Yanga nao walipitisha katiba ya mfumo wa aina hiyo katika mkutano wa wanachama wa Juni 2021.

Kati ya kura ya wanachama ya 2017 na tangazo la fedha la 2021 kuna zaidi ya miaka mitatu. Katika biashara ya kawaida, miaka mitatu ni muda wa kufungua duka, kulifilisi na kufungua jingine. Kwa muda wote huo mashabiki walibishana kama fedha imelipwa au haijalipwa, na ni ya nini hasa: ni bei ya hisa, ni mkopo, au ni msaada? Mabishano ya namna hiyo huzaliwa pale ambapo shamba linaanza kulimwa kabla mipaka haijawekwa.

Wapo wanaoitetea asilimia 51 ya wanachama, nao wana hoja nzito. Wanasema bila kizuizi hicho tajiri mmoja angeimeza klabu ya watu, akauza jina lake, akahamisha makao yake, au akaitelekeza siku akikasirika. Yaliyotokea Uingereza yanawapa nguvu. Manchester United iliuza hisa zake katika soko la London mwaka 1991, na mwaka 2005 familia ya Glazer ikainunua yote na kuitoa sokoni. Iliporudi sokoni mwaka 2012, safari hii New York, hisa zilizouzwa kwa umma zilikuwa za kura 1 kila moja, na zile za familia zilikuwa za kura 10 kila moja. Mashabiki walinunua hisa, lakini usukani ulibaki palepale ulipokuwa.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila ina tundu. Ukoo wa Uluguru unaweza kulinda ardhi kwa sababu unawajua watu wake. Mzee wa ukoo anaweza kutaja nani ni mtoto wa nani hadi vizazi vinne nyuma. Klabu je? Asilimia 51 ya wanachama ni ngao pale tu daftari la wanachama linapokuwa kamili, limekaguliwa, na kila mwanachama anajua fungu lake ni kiasi gani, anaweza kulirithisha, na anapata hesabu kila mwaka. Bila daftari hilo, asilimia 51 ni mali ya wote kwa maneno, na kwa vitendo ni mali ya yeyote anayeshika kipaza sauti siku ya mkutano. Mali isiyo na orodha ya wenyewe hailindwi na asilimia yoyote.

HISA BADO HAZIKO SOKONI

Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapopaswa kufungua macho. Hakuna klabu ya soka ya Tanzania iliyoorodhesha hisa zake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Soko hilo lilianza biashara mwaka 1998, na lipo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayetaka kuuza hisa kwa umma lazima atoe waraka wa matarajio ulioidhinishwa, wenye hesabu zilizokaguliwa, madeni, mikataba mikubwa na hatari za biashara yenyewe.

Kwa hiyo akitokea mtu katika kijiwe cha Msamvu, au kwenye kundi la simu, akiuza “hisa za klabu” kwa shilingi elfu hamsini na kutoa risiti ya kawaida, jibu ni fupi. Kadi ya uanachama ni kadi ya uanachama. Inampa mtu haki ya kuingia mkutanoni na kupiga kura kwa mujibu wa katiba ya klabu. Hailipi gawio, haiuziki sokoni, na haipandi thamani timu ikichukua ubingwa. Mwenye kuinunua kwa mapenzi anafanya vema. Mwenye kuinunua kama uwekezaji amekosea duka.

MORO WANA MFANO WAO

Watu wa Morogoro hawahitaji kwenda mbali kutafuta aina nyingine ya umiliki. Mkoa huu uliwahi kutoa bingwa wa taifa mapema, pale Mseto ya Morogoro ilipochukua ubingwa mwaka 1975. Kisha ikaja Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyoanzishwa mwaka 1988 chini ya kivuli cha kiwanda cha sukari na kuchukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Mtibwa haina mgogoro wa asilimia 51 na 49. Ni timu ya kiwanda. Ina uwanja wake wa Manungu ndani ya mashamba ya miwa, na kila mtu anajua mshahara unatoka wapi.

Faida ya mfumo huo ni uwazi wa mwenye mali. Hasara yake ni kwamba timu ni tawi la biashara nyingine. Bei ya sukari ikiyumba, au mwenye kiwanda akiamua kubana matumizi, timu haina wanachama wa kuchangishana wala wa kupiga kelele. Mtibwa ilishuka daraja msimu wa 2023/24, kisha ikapigana na kurejea Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26. Kwa wauza vyakula na wenye nyumba za wageni wa Turiani, kushuka daraja ni habari ya sokoni kama ilivyo habari ya uwanjani. Simba na Yanga wasipokuja Manungu, vyumba hulala vitupu.

Klabu hiyohiyo ina somo la sheria ambalo halikutiliwa maanani ipasavyo. Miaka ya mwanzo ya 2000 Mtibwa ilishindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kurudiana na Santos katika mashindano ya Shirikisho la Soka la Afrika, CAF. Ikafungiwa na kutozwa faini. Miaka ikapita, viongozi wakabadilika, watu wakasahau. Juni 2018 Mtibwa ikatwaa Kombe la Shirikisho la Azam kwa kuifunga Singida United 3-2 mjini Arusha, na kwa ushindi huo ikapata nafasi ya kucheza Afrika. Ndipo deni la zamani lilipofufuka: dola 15,000 za Marekani zilipwe kwanza, ndipo timu icheze. Zikalipwa, na Mtibwa ikaingia Kombe la Shirikisho Afrika la 2018/19.

Tafsiri yake kwa mfanyabiashara ni nyepesi. Deni la klabu haliondoki na mwenyekiti aliyelisababisha. Linabaki na jina. Anayetaka kudhamini klabu, kuikopesha vifaa au kuingia ubia nayo aulize madeni yote, pamoja na yale ambayo viongozi wa sasa hawakuyafanya.

UWANJA BILA HATI

Mali ya pili ya kuulizia ni uwanja. Uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama vilivyo CCM Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya. Viwanja hivi vilijengwa au kupatikana wakati wa mfumo wa chama kimoja, na baada ya mageuzi ya 1992 vikabaki mikononi mwa chama. Mjadala wa kama ilikuwa haki au si haki ni wa wanasiasa. Kwa upande wa biashara, jambo la kuangalia ni kwamba klabu inayocheza pale ni mpangaji.

Mpangaji hana hati ya kupeleka benki. Hawezi kuamua kujenga maduka chini ya jukwaa, wala kuuza mabango ya kudumu kwa miaka kumi. Akitengeneza nyasi leo, kesho mwenye uwanja anaweza kuleta mkutano au tamasha juu ya nyasi hizo. Anayefikiria kukodi kibanda cha vinywaji au sehemu ya tangazo ndani ya uwanja aulize mkataba umesainiwa na nani. Ruhusa ya katibu wa klabu pekee haitoshi kama mwenye nyumba hajakubali. Ni habari ya ngoto tena: mpangaji hawezi kumpangisha mwenzake kile asichopewa.

MCHEZAJI SI MBUZI WA MNADA

Mali ya tatu ni mkataba wa mchezaji, na hapa ndipo kesi zilizowagusa wengi zilipotokea. Mwezi Desemba 2022 kiungo Feisal Salum aliiandikia Yanga kwamba anavunja mkataba, na kurudisha shilingi milioni 112, kwa hesabu kwamba hiyo ndiyo fedha ya usajili pamoja na mishahara ya miezi mitatu. Yanga ikakataa. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na maombi ya mapitio nayo yakagonga mwamba mwezi Machi. Suala hilo lilifika hadi Ikulu, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipowataka viongozi wa Yanga walimalize, Juni 2023. Siku chache baadaye mchezaji akauzwa Azam FC.

Vijiweni watu walisema kijana ameonewa, au klabu imeonewa. Kwa jicho la soko, kasoro ilikuwa kwenye kipengele cha kuvunja mkataba. Upande mmoja ulikisoma kama mlango wenye bei iliyobandikwa: lipa, ondoka. Upande wa pili ulikisoma kama ukuta. Kanuni za FIFA zinalinda uthabiti wa mkataba, na hasa misimu mitatu ya kwanza kwa mchezaji aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtambua mtu anayefanya kazi kwa mshahara kama mwajiriwa mwenye haki zake, na kwa mwajiriwa wa kawaida njia ya malalamiko ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Familia ya soka haipendi mwanachama wake apeleke kesi mahakamani. Mchezaji wa Tanzania amesimama kati ya nyumba mbili, na kila moja ina funguo zake.

Hata Ulaya nyumba hizo mbili zinagongana. Mwaka 1995 kesi ya Bosman ilimpa mchezaji aliyemaliza mkataba uhuru wa kuondoka bila ada ndani ya Umoja wa Ulaya. Oktoba 2024, katika kesi ya Lassana Diarra, mahakama ya Umoja huo ilisema baadhi ya kanuni za FIFA za kumwadhibu mchezaji aliyevunja mkataba, na klabu inayompokea, zinapingana na sheria za Ulaya. Maana yake ni kwamba bei ya mchezaji, ambayo klabu huiandika kama mali yake, inategemea sheria inayoweza kubadilika kwa hukumu moja. Mfanyabiashara anayeikopesha klabu kwa ahadi kwamba “tukimuuza fulani tutakulipa” amepokea dhamana yenye miguu.

Kuna upande wa mkataba ambao Morogoro inaweza kuchuma, nao haujachumwa vya kutosha. Mkoa huu ni kitalu cha vipaji. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea tangu mwaka aliofikisha miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Chukulia mfano wa ada ya dola milioni 1. Asilimia 5 ni dola 50,000. Kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una dola 2,500, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una dola 5,000. Klabu ndogo ya mtaani iliyomlea kijana tangu miaka 12 hadi 17 ingedai miaka minne ya kwanza, dola 10,000, na miaka miwili ya pili, dola 10,000 nyingine. Jumla ni dola 20,000. Kwa kituo kinachofundisha watoto kwenye uwanja wa vumbi, hizo ni mipira, viatu na mshahara wa kocha kwa muda mrefu.

Sharti ni karatasi. Kituo kiwe klabu inayotambuliwa na shirikisho, na kijana awe amesajiliwa kwa jina lake halisi, tarehe yake halisi ya kuzaliwa na misimu yake yote. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo hufuata kumbukumbu za usajili za kielektroniki. Aliyesajiliwa kwa mdomo hayupo. Aliyepunguzwa umri ili acheze mashindano ya watoto amefuta haki ya kocha wake kwa kalamu ya kocha huyohuyo.

JEZI, KIBANDA NA MKEKA

Mali ya nne ndiyo iliyo karibu zaidi na mfuko wa mchuuzi: nembo. Jezi ya klabu kubwa hutengenezwa chini ya mkataba wa klabu na mzabuni, na nembo iliyosajiliwa inalindwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Maofisa wakikuta mzigo bandia dukani, hawaanzi kwa kuuliza nani aliutengeneza. Wanaanza na aliyekutwa nao. Mzigo huchukuliwa na kuharibiwa, na mtaji huondoka nao.

Mchuuzi wa Kingalu hujitetea kwamba jezi halisi ina faida nyembamba na mteja wake hana fedha. Ni kweli. Lakini hesabu yake haijakamilika mpaka aweke bei ya kupoteza mzigo mzima. Chukulia amenunua jezi bandia 100 Kariakoo kwa shilingi 8,000 kila moja, akauza kwa 13,000. Faida ni 500,000 kwa mzigo. Mzigo mmoja ukikamatwa kabla ya kuuzwa, 800,000 zimekwenda, na faida ya mzigo mmoja na nusu imemezwa, kabla ya faini. Akikubaliana na wakala halali, hata kwa faida ya shilingi 3,000 kwa jezi, analala usingizi. Adai vitu viwili tu: risiti ya mashine yenye jina la muuzaji, na barua ya uwakala. Asiyeweza kutoa hivyo viwili anamuuzia kesi.

Wenye vibanda umiza nao wasijione wako nje. Azam Media ilinunua haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6, mwaka 2021. Fedha kama hiyo hailipwi ili mwingine akusanye kiingilio bure. King'amuzi kilicholipiwa kwa matumizi ya nyumbani ni cha nyumbani. Mwenye kibanda anayechaji mlangoni ni mfanyabiashara, na kifurushi chake kinapaswa kuwa cha biashara.

Kuhusu kamari, ukurasa huu hautoi mahubiri. Unatoa tahadhari ya mapato. Sehemu kubwa ya udhamini wa klabu katika Afrika Mashariki imetoka kwa kampuni za kubashiri. SportPesa iliingia Simba na Yanga mwaka 2017, na M-Bet ikasaini na Simba mwaka 2022. Kenya ilionyesha hatari yake. Mwaka 2019 leseni ya SportPesa ilipoingia kwenye mgogoro na serikali, kampuni hiyo ilisitisha udhamini, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki wakitafuta nauli. Mdhamini anayeishi kwa leseni ya mwaka ni mvua ya vuli: ikinyesha shukuru, lakini usipande mpunga wote kwa kuitegemea. Na kwa mchuuzi anayeweka mtaji wa wiki kwenye mkeka, hiyo si biashara ya michezo. Ni matumizi.

KINACHOTAKIWA

Sheria ya 1967 imechoka. Imebebeshwa mzigo wa kampuni, hisa, haki za matangazo na ajira za mamilioni, nayo ilijengwa kubeba vyama vya hiari. Kinachotakiwa ni sheria ya michezo inayotofautisha waziwazi chama cha wanachama na kampuni inayoendesha timu. Inayolazimisha daftari la wanachama likaguliwe kabla ya mwekezaji yeyote kuingia. Inayotaka hesabu za klabu zitangazwe kila mwaka. Na inayompa mchezaji baraza moja la kusikiliza kesi yake lenye nguvu ya kisheria, ili migogoro ya mikataba isingoje huruma ya Ikulu. Rais aliyemaliza ugomvi mmoja alifanya jema. Nchi haiwezi kuweka mikataba yote ya ajira ya wachezaji juu ya jema moja.

Kutaka hayo si kuwanyang'anya wanachama klabu yao. Ni kuwapa hati. Mkulima wa Uluguru mwenye hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hakuacha kuwa mtu wa ukoo. Ameongeza karatasi juu ya mila, na karatasi hiyo inamsaidia siku akija mgeni mwenye fedha na maneno matamu.

Mpaka sheria hiyo ipatikane, mwenye mtaji mdogo wa Morogoro afanye biashara pembeni ya mchezo, mahali ambapo mali inajulikana: jezi zenye risiti, chakula, usafiri, malazi, kituo cha watoto kilichosajiliwa. Hisa azisubiri mpaka atakapoona waraka wa matarajio wenye muhuri wa Mamlaka. Na kila atakapoitwa kutoa fedha kwa jina la timu anayoipenda, aulize kama wazee wa mlimani wanavyomuuliza mgeni anayetaka kupanda mnazi: ardhi hii ni ya ukoo gani, na nani amekupa ruhusa?